Epafrodito Alipona, Trofimo Akaachwa Mileto

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Wafilipi 2:25-30, 2 Timotheo 4:20, 2 Wafalme 20:1-7, Marko 7:9-13, Danieli 3:16-18, Kutoka 17:8-13.



Jumapili mbili zilizopita wengi wenu mliuliza mbona sionekani madhabahuni, na mchungaji wetu akawaambia kwamba mamangu amelazwa. Alisema kweli, ila kwa kifupi. Leo wacha niseme kwa kirefu kidogo. Mchungaji aliponiomba somo hili nilimwambia anipe muda liishe kwanza, tujue kama ni ushuhuda ama ni maziko. Akanijibu, "Ukingoja liishe utatuandikia mwisho tu, na watu wengi kanisani mwetu wako katikati." Kwa hivyo naandika nikiwa katikati.

Mamangu ana miaka 76. Jumatatu moja alirudi kutoka kuchuma majani chai akilalamika tumbo. Akanywa maji moto, akalala kidogo. Kufikia jioni tumbo lilikuwa limefura, hawezi kusimama, anatapika. Tukamkimbiza hospitali ya karibu, na wale wauguzi Mungu awabariki, hawakutupotezea muda: walitazama, wakasema hii si ya hapa, wakaita gari la wagonjwa. Usiku huo huo akapasuliwa katika hospitali kubwa. Utumbo ulikuwa umejisokota, damu ikakosa kupita, na kipande kimoja kimekufa. Daktari alikikata akaunganisha.

Alipotoka nje akatuambia upasuaji umekwenda sawa. Tukaimba pale pale koridoni, mlinzi akaja kutunyamazisha. Lakini kabla ya mapambazuko presha ilianguka na pumzi ikawa fupi, akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi, kile sote tunakiita ICU, akawekwa kwenye mashine ya kupumua. Leo ninapoandika ni siku ya 17.

Mtu ambaye hajakaa nje ya mlango ule anafikiri ni kama steji: unapanda gari la kwenda nyumbani ama la kwenda mochari. Si hivyo. Siku ya tatu alifungua macho. Siku ya tano figo zikalegea. Siku ya nane homa ikapanda, wakabadilisha dawa. Siku ya 11 mashine ikapunguzwa kidogo, siku ya 12 ikarudishwa. Ukipigiwa simu ukaulizwa "Mama anaendeleaje?" unakosa jibu moja la kutoa. Wenye umri wa kukumbuka mtakumbuka Mzee Nelson Mandela mwaka 2013. Alilazwa Pretoria tangu Juni 8 hadi Septemba 1, na taarifa iliyokuwa ikitolewa ni kwamba yuko mahututi lakini hali imetulia. Dunia nzima ilimwombea, madaktari bora walikuwa karibu naye, na hakuna aliyeweza kusema kesho itakuwaje. Alirudi nyumbani, akafariki Desemba 5 mwaka huo huo. Basi tusidhani kutojua ni shida ya maskini peke yake, au ya wenye imani ndogo.

Kutokana na siku hizi 17 nimejifunza mambo sita. Mengine nimejifunza kwa kukosea.

1. Mtume mmoja, wagonjwa wawili

Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi kumpelekea Paulo msaada gerezani. Huko akaugua, tena si homa ndogo: Paulo anasema wazi alikaribia kufa. Kisha Mungu akamhurumia, na Paulo anaongeza kwamba huruma ile ilimfikia yeye pia, asije akaongezewa huzuni juu ya huzuni. Epafrodito akapona, akarudishwa nyumbani akiwa na barua mkononi.

Sasa fungua 2 Timotheo 4:20. Paulo anaandika, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Basi. Hakuna mstari wa pili unaoeleza. Huyu ni Paulo yule yule ambaye Matendo 19 inasema hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Na Trofimo hakuwa mtu wa pembeni, alisafiri na Paulo mpaka Yerusalemu.

Angalia Paulo hakusema nini. Hakusema Trofimo ana dhambi ya siri, wala kwamba jamaa zake hawakufunga vya kutosha. Hakuficha jina lake ili huduma isiaibike. Alimpenda Epafrodito na alimpenda Trofimo, na aliandika habari za wote wawili.

Mimi naomba kila siku mamangu awe Epafrodito. Naomba kwa machozi na kwa sauti. Lakini Biblia imenipa ruhusa ya kukiri kwamba simjui bado ni yupi.

2. Leteni tini

Siku ya sita dada yangu alipigiwa simu na mtu anayejiita nabii. Hatujui namba aliitoa wapi. Alisema ameona jeneza, na kwamba jeneza litarudi ikiwa tutatuma shilingi 5,000 na kumtoa mama kwenye mashine kabla ya Ijumaa, kwa sababu mashine inazuia muujiza. Dada yangu ana imani, na ana hofu, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja usiku wa manane mtu anaweza kutuma pesa. Alikuwa ameshaandika namba. Akanipigia kwanza.

Tulisoma pamoja kwenye simu 2 Wafalme 20. Hezekia alikuwa anakufa. Akalia, akaomba, na Mungu akasema atamponya na kumwongezea miaka 15. Halafu Isaya anafanya nini? Anaagiza waletewe mkate wa tini, uwekwe juu ya jipu. Mungu aliyetoa ahadi ndiye nabii wake aliagiza dawa. Tini hazikuzuia muujiza. Mashine haiponyi mapafu, daktari mwenyewe alituambia. Inabeba kazi ya kupumua huku mwili ukipata nafasi ya kupambana. Sisi tunaomba ndani ya nafasi hiyo.

Na kuhusu shilingi 5,000: someni habari za Gehazi katika 2 Wafalme 5, mtumishi aliyemkimbilia Naamani kudai malipo ya uponyaji. Mwisho wake mnaujua.

3. Daftari langu

Hapa natubu mbele yenu. Nilisomea biashara, na miaka minne ya chuo ilinifundisha kuuliza swali moja: tukiweka pesa hapa, itarudi nini? Siku ya saba nilikuwa nimekaa kwenye benchi na daftari. Upande mmoja nikaandika bili, upande mwingine nikaandika miaka. Nikaanza kukadiria: akiishi mitano, akiishi kumi. Nikagawanya. Nilipoona nimeandika bei ya mwaka mmoja wa mamangu, nililichana lile karatasi, lakini nilikuwa nimeshaliandika.

Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliotafuta njia ya heshima ya kukwepa kuwasaidia wazazi. Walisema mali ile ni Korbani, imewekwa wakfu, na wakabaki safi machoni pa watu. Korbani yetu siku hizi ni maneno kama "ameshakula chumvi nyingi." Mtu anaweza kuyasema kwa upole kabisa.

Lakini yupo pia anayeanguka upande wa pili. Kakangu alitaka tuuze shamba lote la chai wiki ile ile, kwa bei ya mnunuzi wa kwanza. Nilimwuliza: mama akirudi nyumbani, atarudi wapi, na bonasi ya mwezi wa kumi itachumwa wapi? Yesu mwenyewe katika Luka 14 anazungumzia mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuhesabu si dhambi. Ubaya ni kumhesabu mtu. Tukakubaliana hivi: kila siku ya tatu tunaketi na ofisi ya malipo na kujua tumefika wapi, mtu mmoja ni mweka hazina na kila shilingi ya harambee inasomwa kwenye kikundi cha familia, na hakuna anayeuza ardhi peke yake, wala usiku.

Na neno kwenu mlio na afya leo. Tangu Oktoba 1, 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara anakadiriwa kulingana na nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha peke yake hakutoshi, mchango lazima uwe umelipwa ndipo kulazwa na upasuaji vigharamiwe. Sisi tulikuwa tumemwandikisha mama na tukaishia hapo, kila mtoto akidhani mwenzake analipa. Hilo ni kosa letu. Wiki hii, kabla ya kulala, mpigie mzazi wako umwulize.

4. Usitafute mkono wa mtu

Siku ya nane, homa ilipopanda, shangazi mmoja alisema nyumbani kwamba tumbo halijisokoti lenyewe. Akataja jina. Alimtaja mjane jirani, ambaye wiki ile alikuwa amepita kuomba chumvi. Vijana wawili wa ukoo wakasimama.

Wapendwa, sisi wa Kisii na Nyamira tunajua mahali maneno haya yanafika. Oktoba 2021 kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Walikuwa mama za watu. Kila mmoja wao angeweza kuwa ndiye huyu ninayemlilia nje ya mlango wa ICU.

Niliomba ruhusa hospitalini nikapanda matatu kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Niliwaeleza nilichoelezwa na daktari: utumbo hujisokota, na huwapata wazee mara kwa mara, kwetu na kwingine. Kisha nikatoka na shangazi huyo huyo, tukaenda kwa yule mjane, tukanywa chai kwake mchana, watu wakituona. Hakujua tumekuja kwa nini. Akaniuliza kama mama anaweza kumeza uji, kwa sababu ana wimbi ambalo angependa kumsagia.

Ukristo wetu hauwezi kukesha kumwombea mama mmoja apone huku ukimtafuta mama mwingine wa kufa. Ukisikia jina linatajwa kwenye kikao cha familia, usinyamaze ukaita kunyamaza kwako hekima.

5. Swali la siku ya kumi

Siku ya kumi daktari alituita watoto wote. Alikuwa mpole. Alituuliza: moyo wake ukisimama, mngetaka tuubonyeze kifua na kuendelea, au tumwache? Kakangu alisimama akasema, "Sisi ni watu wa imani, hatujibu swali hilo." Nami pia nilitaka kusimama.

Baadaye nilikumbuka Danieli 3. Wale vijana watatu walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa. Kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawatainamia sanamu. Walitazama pande zote mbili za jambo bila kuona haya, na moto ulikuwa unawaka mbele yao. Kwa hiyo kulisikiliza swali la daktari si kukata tamaa, na kulijibu hakumwui mtu.

Tulirudi kwa daktari tukauliza maswali yetu manne. Nawapa, huenda mkayahitaji. Je, bado kuna jambo linaloweza kutibika? Dalili gani zitaonyesha anapata nafuu, na tuziangalie kwa siku ngapi? Je, anasikia maumivu, na mnayatulizaje? Na yeye mwenyewe angetaka nini? Hilo la mwisho lilitunyamazisha, maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza. Tulikuwa tumezungumza naye habari za mbolea, arusi na mipaka ya shamba, lakini hili hatukuligusa.

Tuliomba. Tukajibu kwamba kwa sasa waendelee, na kwamba tuzungumze tena baada ya wiki moja. Familia nyingine ikijibu tofauti, baada ya maombi na ushauri wa daktari, msiwahukumu. Hamkukaa kwenye benchi lao.

6. Mikono ya zamu

ICU zilianza vipi? Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipigwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi walikuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua, na mashine zilikuwa chache sana. Daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaamua wagonjwa wawekwe mrija kwenye koo na hewa isukumwe kwa mkono, kwa kubonyeza mfuko. Lakini nani atabonyeza mchana na usiku? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 kwa jumla, wakaketi kando ya vitanda kwa zamu, wiki baada ya wiki. Vifo vikapungua sana, na kutoka hapo vyumba vya wagonjwa mahututi vikaanza kuenea duniani.

Mwanafunzi mmoja asingeweza. Mkono ungechoka kabla ya saa kumi na mbili. Ni ile habari ya Kutoka 17: Musa mikono ilimlemea, Haruni na Huri wakaishika, mmoja huku na mmoja huku, mpaka jua likatua.

Kanisa hili limenishika mikono, na sitaki kulisema kwa jumla jumla. Akina mama wa Jumatano wamepanga zamu ya kulala na dada yangu. Vijana tisa walikwenda kutoa damu. Ukiwa na miaka 16 hadi 65, afya njema na kilo 50 au zaidi, nawe unaweza. Mzee mmoja anakamua ng'ombe wetu kila asubuhi na hajaniambia, nimesikia kwa watu.

Naomba mjue pia namna ya kumtembelea mgonjwa wa namna hii. Wageni wasiwe wengi, mikono ioshwe, na sauti iwe ya chini. Mama alipopunguziwa dawa za usingizi hakunijua. Aliniita kwa jina la marehemu mjomba, akajaribu kung'oa mirija. Ndugu mmoja akataka kukemea pepo. Muuguzi akatueleza kwamba kuchanganyikiwa kwa namna hiyo huwapata wagonjwa wengi wa ICU, hasa wazee, na mara nyingi hupita. Kelele humzidishia. Akatuambia tumshike mkono, tumwambie ni siku gani na yuko wapi, tumvishe miwani yake, tuongee lugha aliyoizoea.

Lugha hiyo ilileta kicheko chetu cha pekee. Muuguzi mwingine, mgeni wa huku, alimwuliza kakangu anamtafuta nani. Kakangu kwa uchovu akajibu, "Nataka kumwona baba." Akaelekezwa upande wa wanaume. Mnajua kwa Ekegusii "baba" ndiye mama, na baba ni "tata." Alizunguka vitanda vitatu vya wazee wa watu akitafuta mamake. Aliporudi kumsimulia, akiwa ameinama sikioni mwake, tuliona mdomo wa mama unasogea. Daktari anasema huenda ni misuli tu. Sisi tuliona alichocheka.

Tulipo leo

Leo asubuhi, siku ya 17, figo zimeanza kutoa mkojo kidogo. Mashine bado. Daktari anasema wakishindwa kumwachisha wiki hii watamtoboa koo ili mrija upitie hapo, na kwamba hata akitoka, mwili wake utakuwa umelegea na atahitaji kufundishwa kukaa na kutembea upya. Nimeandika neno lake kama alivyolisema, sikupunguza wala kuongeza.

Mkifika kwenye seli zenu Alhamisi, huenda habari zimebadilika. Someni hivyo hivyo. Yaliyo hapa hayategemei simu itakayoingia.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini unadhani Paulo alitaja wazi kwamba Trofimo aliachwa mgonjwa? Kanisa letu lingemtaja?
2. Je, umewahi kumwambia mwenye mgonjwa neno lililomwongezea mzigo? Ni lipi?
3. Kuna mzee kijijini kwenu ambaye jina lake linanong'onwa? Mtamtembelea lini, na nani?
4. Mzazi wako angetaka nini siku akishindwa kusema? Nenda umwulize, kisha uje utuambie ilikuwaje.
5. Katika seli yenu ni nani yuko hospitalini au anauguza? Andikeni zamu ya wiki hii kabla ya kufunga kwa maombi.

Ombi

Baba wa rehema, uliyemhurumia Epafrodito na hukumsahau Trofimo, twakuletea wagonjwa wetu kwa majina yao. Waponye, tunakuomba bila kuona haya. Wape madaktari na wauguzi macho ya kuona na usingizi wa kutosha. Walio kwenye mabenchi nje ya milango, uketi nao. Tulinde tusimwogope jirani wala kumwuzia mtu mzazi wetu. Na lolote litakalokuja, lisitukute tumeachana mikono. Katika jina la Yesu. Amina.